Msonobari wa Mpakani

Kimbunga kilifika Cape Breton usiku wa Ijumaa,
kama kilivyotabiriwa, na chenji juu.
Saa saba umeme ukakatika.
Saa nane na robo msonobari wa Lauchlin Gillis
uliingia chumbani kwangu bila hodi.

Nilikuwa jikoni natafuta kiberiti.
Hilo tu. Sina muujiza mwingine wa kusimulia.
Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa aproni niliyovaa.

Kulipopambazuka nikapanda ngazi.
Tawi nene kuliko paja langu limelala kitandani,
upande wa marehemu Angus,
limejifunika shuka lililolowa,
ncha yake juu ya mto.
Makombamoyo matatu yamekatika.
Na pale palipokuwa na dari, kipande cha mbingu,
cheupe, kimetakata,
kana kwamba si chenyewe kilichofanya.

Miaka kumi na mmoja nilimwandikia barua.
*Bwana Gillis, mti wako umeinama.*
*Bwana Gillis, mti wako umezidi kuinama.*
Krismasi moja nikaiweka barua ndani ya mkebe wa biskuti.
Akala biskuti.
Alinijibu mara moja tu, kwa penseli,
nyuma ya bahasha niliyomtumia mwenyewe:
*Umeinama tangu babu. Uache.*

Basi hasira nilikuwa nayo,
nimeipanga na kuikausha kama kuni.
Nikavaa mabuti, nikatoka na maneno ulimini.
Nikamkuta keshafika uani, mtu wa miaka sabini na tisa,
mkono huu msumeno wa injini, mkono huu chupa ya chai.
Hakusema pole.
Alisema, "Paa kwanza. Matusi baadaye.
Mvua inarudi saa kumi."

Jumatatu akaja Bi Thibodeau wa bima,
kishikwambi chake amekivika mfuko wa plastiki.
"Mti ni wa nani?"
"Wake," nikasema.
"Wangu," akasema Lauchlin kutoka juu ya turubai,
misumari mdomoni.
Bi Thibodeau akabonyeza. Akauliza thamani ya kitanda.
Dola mia mbili, nikamwambia.
Hakuwa na mahali pa kuandika bonde lile dogo
lililochimbwa godoroni na bega moja
kwa miaka thelathini na nane.

Alhamisi msumeno ukapiga ukelele,
ukarusha cheche, ukazima.
Ndani ya gogo, kina cha kiganja: seng'enge.
Nyuzi tatu zenye kutu, uzio wa kale
ambao mti uliumeza mwaka hata mwaka
wala haukumwambia mtu.
Tukaifuata, mimi na yeye, tumeinama,
kutoka kisikini hadi nguzo iliyooza vichakani,
kutoka nguzo hadi nyingine.
Lauchlin akapima kwa hatua. Akarudia, polepole,
kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Seng'enge ilikuwa imezama ubavu uliotazama kwake.
Moyo wa mti, na mizizi,
na kile kivuli nilichokilalamikia kila Juni,
vyote vilikuwa kwangu.

Akafungua chupa. Akamimina chai kifunikoni,
akanipa mimi kwanza.
Akautazama mgongo wa paa langu,
akakitazama kisiki, akakohoa.
"Bi Effie," akasema,
"mti wako umeinama."

Sikucheka pale. Nisingempa raha hiyo.
Nilicheka usiku, jikoni, ninapolala siku hizi,
peke yangu, turubai likipiga makofi huko juu,
nikacheka hata mbavu zikaniuma,
na kitu kingine ndani yangu kikauma pia.

Magogo tumegawana nusu kwa nusu,
ingawa nusu yake naiona kubwa.
Kale kapande chenye seng'enge hakuna aliyekagusa.
Kako pale pale, mpakani, kananukia utomvu.

Bi Thibodeau bado sijampigia.
Simu ilirudi tangu juzi.